Maswali ya Wasomaji: Rangi Tisa kutoka Ubao Mmoja

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mandhari ya milima iliyochapwa kwa rangi nyingi kutoka kwenye ubao mmoja, nami nikaiandikia maelezo mafupi mno: kwamba ubao ule ulichongwa na kuchapwa kwa zamu mpaka ukaisha. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba maelezo yale yalificha zaidi ya yalivyoeleza. Baadhi yake nazijibu hapa chini, nikiwa nimezifupisha kidogo bila kubadili hoja za waandishi.

Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni seremala, na kwa miaka mingi nimechonga nakshi za milango. Niliiangalia picha ile kwa makini nikahesabu rangi tisa. Nijuavyo mimi, ubao ukishapakwa wino hutoa rangi moja tu. Rangi tisa zimetokaje kwenye ubao mmoja? Nieleze kana kwamba tumesimama pamoja kwenye benchi. (Seremala, Tanga)

Fundi, tuanze na kanuni ambayo mikono yako inaijua tayari. Katika chapa ya mbao, sehemu iliyobaki juu ndiyo inayopokea wino, na sehemu iliyochimbwa haigusi karatasi. Mchapaji anayetaka rangi nyingi kwa njia ya kawaida huandaa ubao wa manjano, ubao wa buluu, ubao wa kijani, na kuendelea hivyo. Katika njia tunayoizungumzia, ambayo mimi huiita chapa ya kupunguza ubao, ubao ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachobadilika ni kiasi cha ubao kilichobaki.

Chukua mfano wa Kilimanjaro inavyoonekana kutoka Moshi alfajiri: Kibo kushoto na barafu yake, Mawenzi kulia na meno yake, chini yake ukanda wa msitu, kisha migomba, na mbele kabisa mti mmoja ulio kivulini. Kabla ya kushika patasi, kumbuka kwamba karatasi itakapobanduliwa picha itakuwa imegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo kwenye ubao Mawenzi lazima ichorwe kushoto. Mimi nilisahau jambo hilo katika chapa yangu ya kwanza ya mlima huu, na mgeni mmoja, mzaliwa wa Kirua, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimesimama upande wa Rongai, kaskazini mwa mlima.

Sasa tuchape. Nyeupe katika picha hii ni nyeupe ya karatasi, kwa hiyo kwanza unachimba mahali pa barafu ya Kibo, na hapo hapataguswa na wino wowote tena. Ubao wote uliobaki, bila kubagua, unaupaka waridi hafifu yenye manjano ndani yake, unachapa karatasi zako zote, tuseme arobaini, na kuzitundika zikauke. Unasafisha ubao. Halafu unajiuliza swali ambalo utalirudia hadi mwisho: ni wapi ninapotaka rangi hii niliyoichapa sasa ibaki ilivyo? Jibu ni ule mstari wa anga unaogusa upeo, ambako jua linakaribia kuchomoza. Unauchimba. Ubao uliobaki unaupaka buluu nyepesi na kuchapa tena karatasi zilezile arobaini. Baada ya hapo anga yote inachimbwa, kwa kuwa anga imekwisha. Kinachosimama ubaoni ni mlima na vilivyo chini yake. Mlima unapata kijivu chenye buluu, kisha miamba yake ya juu inachimbwa. Msitu unapata kijani kilichofifia, kisha sehemu zake zenye mwanga zinachimbwa. Migomba inafuata kwa kijani kilichokolea, na mwishowe ubaoni hakuna kitu ila mti mmoja na majani machache, yanayosubiri wino mweusi.

Kwa mtu wa nakshi, ugumu hauko mkononi bali kichwani. Wewe umezoea kuchonga ili ua lionekane. Hapa unachonga ili kitu kilichokwisha kuonekana kisifunikwe, na kila unapokata unakata mambo ya rangi iliyopita, si ya rangi inayokuja. Hili linahitaji kurudiwa mara mbili tatu kabla halijakaa akilini, na nakushauri uanze na rangi tatu tu.

Utauliza kwa nini watu wa njia hii hupenda mandhari kuliko sura za watu. Sababu ni hewa. Kilima kilicho mbali huonekana chepesi na chenye ubuluu kwa sababu ya hewa nyingi iliyo kati yake na jicho, na kadiri vitu vinavyokaribia ndivyo vinavyokolea. Basi mpangilio wa macho, wa mbali kwanza na wa karibu baadaye, unalingana na mpangilio wa wino, ambao ni wa nyepesi kwanza na nzito baadaye. Shida huzuka pale kitu chenye kung’aa kinapokaa mbele ya giza, kwa mfano ua la manjano mbele ya kichaka. Ua hilo linatakiwa kuchimbwa mapema kabisa, mara tu baada ya rangi yake, na kukwepwa katika kila hatua inayofuata, wakati kichaka chenyewe bado hakijazaliwa.

Nilitaka kununua nakala moja ya chapa kama ile, nikaona chini yake pameandikwa kwa penseli 7/30. Muuzaji aliniambia kwamba haziwezi kuongezwa kamwe. Wauzaji husema mengi. Je, fundi hawezi kurudi nyumbani akachapa nyingine thelathini, au watoto wake wakafanya hivyo baada yake? (Msomaji, Kisumu)

Katika njia nyingine za uchapaji shaka yako ingekuwa na msingi. Msanii wa Kijapani Katsushika Hokusai alipochora mandhari zake za Mlima Fuji mwanzoni mwa miaka ya 1830, kila rangi ilikuwa na ubao wake, mbao hizo zikabaki kwa mchapishaji, na nakala ziliendelea kutolewa kadiri wateja walivyotokea, mpaka mistari ya ubao ikaanza kulika. Katika chapa ya kupunguza, muuzaji wako amesema kweli. Fundi akitaka kuongeza nakala ya thelathini na moja atahitaji anga kwanza, na anga ilichimbwa ikawa vumbi la mbao siku nyingi zilizopita.

Kwa sababu hiyo idadi ya nakala huamuliwa asubuhi ya siku ya kwanza, kabla fundi hajajua kama picha itakuwa nzuri. Na mwenye akili hukata karatasi nyingi kuliko anazozihitaji, kwa maana kila rangi hula yake: moja imechafuliwa na kidole, nyingine imeteleza, ya tatu ilipata wino mwingi. Karatasi 40 kwa rangi 9 ni kugandamiza mara 360, na karatasi iliyoharibika kwenye rangi ya nane inaondoka na kazi ya rangi saba zilizotangulia. Ukiona 7/30, elewa kwamba huenda zilianza 40. Namba 7 yenyewe haimaanishi ubora wala mpangilio wa kuchapwa. Ni utambulisho wa nakala tu.

Jambo ambalo ningelichunguza kama mimi ndiye mnunuzi ni tofauti kabisa, nalo ni kama kile ulichoonyeshwa ni chapa au ni picha ya chapa iliyotolewa na printa ya kompyuta. Chukua kioo cha kukuzia. Picha ya printa hujengwa kwa vitone vidogovidogo. Wino wa ubao hukaa kama ngozi nzima, mara nyingi na ukingo uliojikusanya kidogo pembeni mwa umbo. Iinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha na utaona ngazi ndogo pale rangi moja ilipopanda juu ya nyingine. Igeuze nyuma pia: karatasi nyembamba iliyosuguliwa kwa mkono huonyesha mara nyingi kivuli cha maumbo kwa upande wa pili.

Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamechapa mandhari ya msitu kwa rangi tano, lakini kila rangi imekaa pembeni ya nyingine, hata miti inaonekana ina vivuli viwili. Tuliweka alama za penseli kwenye pembe za ubao. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, penseli ndiyo iliyowaangusha. Alama ya penseli inalitegemea jicho, na jicho la mtu anayeweka karatasi ya thelathini na mbili limechoka. Kinachotakiwa ni kitu ambacho vidole vinakihisi, yaani ukingo ambao karatasi inagota na kukataa kwenda zaidi.

Wajapani walilimaliza tatizo hili karne kadhaa zilizopita kwa kuchonga alama mbili ndani ya ubao wenyewe: pembe moja ya umbo la L kwenye kona, na mfuo mmoja ulionyooka mbele yake kwenye ukingo huohuo. Karatasi huingizwa kwenye pembe, kisha hulazwa dhidi ya mfuo, halafu huachiwa. Alama hizo huitwa kento, na ndizo zilizowezesha zile chapa za rangi kamili zilizoanza kutoka Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1765, ambazo Suzuki Harunobu ndiye msanii wake mashuhuri wa mwanzo. Katika njia ya kupunguza kazi ni rahisi kuliko yao kwa kiasi fulani, kwa kuwa wao walitakiwa kuzilinganisha mbao nyingi, nanyi mnao ubao mmoja unaorudi palepale.

Kwa darasa napendekeza kifaa ambacho fundi yeyote wa mtaani atawatengenezea kwa vipande vya plaiwudi. Chukueni ubao mpana wa chini. Pigilieni juu yake fremu ya pande mbili, yenye umbo la L, kwa plaiwudi yenye unene uleule wa ubao mnaouchonga. Ubao wa kuchonga unasukumwa hadi kwenye pembe ya fremu, nao hukaa palepale kila mara. Kisha juu ya fremu hiyo gundisheni vipande vya kadibodi ngumu: viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi. Karatasi hugota hapo. Pointi tatu zinatosha, na pointi ya nne huleta ugomvi. Muhimu kuliko yote, kila karatasi iwekwe kwa ukingo uleule tangu rangi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo chorini mshale mdogo nyuma ya kila karatasi. Mtu mmoja aweke karatasi, na huyo asiwe yuleyule anayepaka wino, maana vidole vyenye wino ni balaa jingine.

Sababu ya pili ya kuteleza ni karatasi yenyewe, nayo hutajwa mara chache. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, na ikikauka husinyaa. Mkichapa rangi ya kwanza siku ya jua kali na ya pili wakati wa mvua kubwa, karatasi ndefu inaweza kutofautiana na ubao kwa milimita moja au zaidi, na hapo hata kifaa changu hakitawaokoa. Fungeni karatasi zote pamoja ndani ya mfuko wa plastiki katikati ya vipindi, baada ya wino kukauka, wala msizianike juani.

Na sababu ya tatu ni ya muundo. Wachapaji wazoefu hawategemei usahihi mkamilifu, huuficha upungufu. Kwa kuwa kila rangi nzito inalala juu ya nyepesi, rangi ya chini inaendelea kuwapo chini ya ile ya juu, kwa hiyo karatasi ikiteleza kidogo haitoi ufa mweupe kati ya miti na anga, kama ambavyo ingetoa kwa mbao tofauti. Hii ni zawadi ya njia hii, nanyi mnaweza kuitumia zaidi kwa kuepuka mistari myembamba ya rangi nyepesi katikati ya giza. Msitu wenu, kwa mfano, ungevumilia kuteleza kama mwanga ungeingia kwa mabaka mapana, si kwa nyuzi.

Nilichapa machweo ya bahari. Nilianza na manjano, nikaweka rangi ya machungwa, zote zikapendeza. Nilipoweka buluu ya bahari ikawa rangi ya tope. Nilinunua buluu nyingine ya bei kubwa zaidi, matokeo yakawa yaleyale. Nifanye nini? (Mwanafunzi, Unguja)

Buluu yako haina kosa, nami nasikitikia fedha uliyoiongeza. Wino wa kuchapia kwa kawaida si kama rangi ya ukutani; unapitisha mwanga, na jicho huona rangi ya juu pamoja na ya chini yake. Machungwa na buluu ni mahasimu kwenye duara la rangi, na mahasimu wakilaliana huzaa kahawia au kijivu. Bahari yako ililazwa juu ya machungwa kwa sababu machungwa yalipochapwa, ubao mzima ulipakwa, bahari ikiwemo.

Njia ya kwanza ya kujinasua ni kutopaka ubao mzima. Anga na bahari katika mandhari yako zimetenganishwa na upeo, mstari ulionyooka, kwa hiyo tumia rola ndogo na kupaka machungwa upande wa anga peke yake, ukikata karatasi nyembamba ya kufunika upande wa bahari wakati wa kugandamiza. Wapo wanaoona huu ni udanganyifu, eti kila rangi lazima ipakwe ubao mzima. Sioni kanuni hiyo imeandikwa wapi. Njia ya pili ni kuongeza nyeupe kwenye buluu mpaka iwe nzito na kufunika kilicho chini, lakini bahari hiyo itakuwa na sura ya chaki, na wino utakuwa mnene. Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda, ni kuipanga picha ili mlalano ufanye kazi kwa niaba yako. Manjano chini ya buluu hutoa kijani, na bahari ya Unguja ina kijani kingi karibu na ufukwe. Waridi chini ya buluu hutoa zambarau, rangi ambayo mawingu ya jioni huwa nayo kwelikweli. Kabla ya kugusa ubao, chapa vijiraba vidogo vya rangi zako zote juu ya karatasi moja, kila moja ikilaliana na nyingine, ili ujue mapema zitakavyozaana.

Kwa ajili ya anga, jaribu kuweka manjano kwenye ncha moja ya meza ya kioo na waridi kwenye ncha nyingine, kisha viringisha rola pana katikati yake, ukiisogeza kidogo kushoto na kulia, mpaka zikutane bila mpaka unaoonekana. Kwa kuchapa mara moja utapata machweo yote. Utagawa Hiroshige, msanii mwingine wa Kijapani, ambaye mandhari zake mia moja za Edo zilianza kutoka mwaka 1856, alipata anga za namna hiyo kupitia wachapaji wake, waliopaka rangi ya maji kwa brashi na kuififisha kwa unyevu juu ya ubao. Ukitazama anga zake utaona kwamba zimekolea juu kabisa na kufifia kuelekea chini, jambo rahisi linaloipa picha nzima kina.

Neno moja zaidi kuhusu wino. Weka tabaka jembamba kuliko unavyodhani linafaa. Rola inapopita juu ya wino uliosambazwa vizuri hutoa sauti ya mnong’ono, kama mafuta yanayochemka mbali. Ikitoa sauti ya kunata, kama mguu kwenye tope, wino umezidi. Ukipaka mnene tangu mwanzo, ifikapo rangi ya sita karatasi itakuwa inang’aa kama imepigwa vanishi na itaukataa wino mpya. Wino wa mafuta haukauki kwa maji kuondoka, bali kwa kuungana na hewa, kwa hiyo pwani wakati wa masika ngoja siku mbili au tatu kati ya rangi na rangi, hata kama kidole kinakuambia umekauka.

Nimesoma kwamba njia hii iliasisiwa na Picasso. Je, ni kweli? Na katika eneo letu la Afrika Mashariki kuna aliyeifuata? (Msomaji, Kampala)

Picasso aliipa umaarufu, na kisa chake kinaeleza vizuri kwa nini mtu huifuata. Mwaka 1958, akiwa kusini mwa Ufaransa, alichapa sura ya msichana kwa kufuata mchoro wa Cranach Mdogo, mchoraji Mjerumani wa karne ya 16, akitumia linoliamu (tandiko la sakafu lililo rahisi kuchongwa) badala ya mbao, kila rangi na kipande chake. Kulinganisha vipande hivyo kulimchosha. Tangu mwaka uliofuata, akishirikiana na mchapaji Hidalgo Arnéra wa mji wa Vallauris, akageukia kipande kimoja kinachochongwa na kuchapwa kwa zamu. Arnéra ndiye aliyekuwa na subira ya kuchapa. Picasso alichonga usiku na kutaka matokeo asubuhi. Lakini wazo la kutumia ubao uleule kwa rangi zaidi ya moja halikuwa mali ya mtu mmoja. Edvard Munch, msanii wa Norwe, kabla ya karne ya 20 kuanza, alikuwa akiukata ubao wake vipande kwa msumeno, anapaka kila kipande rangi yake, na kuviunganisha tena ili achape kwa mara moja.

Kama ningetakiwa kutaja mahali ambapo njia hii imekuwa mali ya mandhari, ningeelekeza kidole China, mkoani Yunnan. Katika miaka ya 1980 wasanii wa Simao, mji ambao sasa unaitwa Pu’er, Zheng Xu akiwa mtangulizi wao, walianza kuchapa udongo mwekundu, misitu na mashamba ya mkoa wao kwa ubao mmoja unaopungua, kwa wino wa mafuta uliolaliana tabaka juu ya tabaka. Wenyewe huiita jueban, yaani chapa isiyoweza kutolewa tena. Upande wa Marekani yupo Gordon Mortensen, ambaye mandhari zake za mito na maua ya porini hutumia rangi nyingi kiasi cha kumkatisha tamaa anayeanza. Mtazame baada ya kumaliza chapa yako ya tatu, si kabla.

Na kwenu Kampala yupo Fred Mutebi, aliyesomea Makerere, anayejulikana kwa chapa za mbao za rangi nyingi kwa njia hiihii ya kupunguza, ingawa kwake watu na maisha yao huja mbele ya milima. Yeye pia amejishughulisha na mutuba, mti unaotoa kitambaa cha magome cha Baganda, ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Hapa nachepuka kidogo: karatasi ya Kijapani ambayo wachapaji wa mbao huipenda kuliko zote hutengenezwa kwa gome la ndani la mforosadi wa karatasi, na mti huo pamoja na mutuba ni wa familia moja ya miti.

Je, mbao gani inafaa? Sina mashine ya kuchapia. (Msomaji, Mwanza)

Plaiwudi yenye uso laini inatosha, ya milimita sita au zaidi, mradi uikague isiwe na mafundo wala mashimo yaliyozibwa. Mbao ngumu kama mninga ni nzuri kwa mistari myembamba lakini itakutoa jasho. Msonobari una nyuzi zinazoonekana, na ukizisugua kwa brashi ya waya zitajichapa zenyewe kama mawimbi, jambo linalofaa kwa ziwa lenu. Kuhusu mashine, mgongo wa kijiko cha mbao na karatasi nyembamba vitakufikisha mbali. Sugua kwa miduara midogo, inua pembe moja bila kuachia nyingine, tazama, rudisha, sugua tena palipofifia. Patasi, bobari (patasi zenye makali ya mviringo) mbili za ukubwa tofauti na kisu kimoja vinatosha, navyo vinolewe kila baada ya muda mfupi.

Ubao ukishaisha mnautupa? Naona ni hasara. (Msomaji, Lamu)

Hautupwi mara moja, na wengine hauwatoki kabisa. Ubao uliomaliza kazi hubaki na maumbo ya rangi ya mwisho tu yakisimama juu ya bonde kubwa lililochimbwa, na katika mashimo hayo utaona mabaki ya rangi zote zilizopita, waridi kwenye kona hii, kijani kwenye ile, kwa sababu kuosha hakuondoi kila kitu. Baadhi ya wasanii huutundika ukutani kando ya chapa yenyewe, na wako wanunuzi wanaouomba. Mimi hugeuza upande wa pili. Plaiwudi ina nyuso mbili, na wa nyuma ukipigwa msasa unabeba mandhari nyingine. Ubao wa Kilimanjaro niliokosea upande nimeuchonga nyuma yake mikoko ya Pangani, na ninapochapa mikoko hiyo lazima nitandike gazeti chini, maana mti mweusi wa upande ule bado huacha alama mezani.